Ka tano kwenye aya moja: namna ya kufundisha insha chuoni kwa ngano na sarufi

Kila muhula ukianza napokea maswali yale yale kutoka kwa walimu wapya, wengi wao wakiwa ndio kwanza wanashuka Lamu kutoka bara. Wanafunzi wa chuo unawafundishaje insha, ilhali sarufi walishaimaliza sekondari? Nianze na sarufi au nianze na kuandika? Mbona nikiwapa hadithi waichambue wananisimulia tena hadithi yenyewe? Nimechoka kujibu mmoja mmoja pale gatini huku nahodha wa boti ya Mokowe akituhimiza tupande, kwa hiyo nimeandika hapa ninavyofanya. Ukiwa Malindi utabadilisha mawili matatu, mengine yaache yalivyo.

Kwa nini ngano? Kwa sababu wanaijua tayari. Ukiwapa makala ya uchumi, nusu ya nguvu zao inaishia kwenye kuielewa. Kisa walichokisikia kwa bibi hakiwasumbui, kwa hiyo nguvu yote inabaki kwenye kalamu.

Na kwa nini pamoja na sarufi? Kwa sababu katika Kiswahili tofauti ya kusimulia na kuchambua iko kwenye kitenzi, unaweza kuigusa kwa kidole. Anayesimulia anakwenda na -li- na -ka-: alifika, akaketi, akasema. Anayechambua anakwenda na -na-, hu-, ni, na virejeshi: anaficha, huficha, ndiye anayeficha. Mwanafunzi akilishika hilo, lile swali la tatu hapo juu karibu lote limejibika.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Ngano moja. Moja tu, tafadhali. Muhula wangu wa kwanza niliwapa tano nikidhani nawafurahisha, nikasahihisha rundo la muhtasari mpaka macho yakaniuma. Siku hizi natumia kisa cha Kima na Papa, ambacho ndani yake kina kisa kingine, cha Punda wa Dobi.
- Msimulizi. Anaweza kuwa wewe mwenyewe, lakini mwanafunzi mwenye kipaji ni bora zaidi.
- Daftari moja kwa kila mwanafunzi, la kazi hii peke yake. Karatasi za kuchomoa hupotea.
- Chaki za rangi mbili, na kalamu ya kijani kwa kila mwanafunzi. Yako nyekundu iache nyumbani kwa wiki tatu za kwanza.
- Kamusi ya Kiswahili sanifu, walau moja kwa kila meza.
- Wiki sita, vipindi viwili kwa wiki. Tazama kalenda kwanza. Ukiweka tarehe ya kukusanya rasimu wiki ya Maulidi, utakusanya viti.

Hatua ya 1: Isimulie, usiisome

Funga vitabu. "Paukwa!" Wataitikia "Pakawa!" hata wale wanaojifanya wakubwa. Mara moja andika ubaoni *pakawa*, ikate vipande: pa-ka-wa. Ile -ka- iliyo katikati ndiyo tutakayoishi nayo wiki sita. Waambie hivyo, kisha endelea na kisa.

Kwa asiyekijua: kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akawa anamtupia papa matunda, wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika kilindini papa akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu: ungesema mapema, sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa akageuza. Kima alipopanda juu akanyamaza kimya, na papa alipomwita akamuuliza kama anamfanya yeye punda wa dobi. Ndipo akamsimulia: simba alikuwa mgonjwa, sungura akamletea punda, punda akaparuliwa, akakimbia, sungura akamrudisha mara ya pili na safari hii akauawa. Simba alipotaka moyo na masikio, sungura alikuwa ameshavila. Akamwambia simba kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi.

Jihadhari na hili: ukimaliza kusimulia usiulize "hadithi hii inatufunza nini?" Ukiuliza, umeifunga. Wote watajibu "tusiamini marafiki" na hakutakuwa na kitu cha kuandika.

Hatua ya 2: Mifupa

Dakika ishirini, zisizidi. Kila mmoja aandike kisa kizima kwa sentensi sita, kila sentensi na kitenzi kikuu kimoja. Hapa -ka- ni ruhusa, tena waitumie vizuri: sentensi ya kwanza ianze na -li- iweke wakati, zinazofuata zifuate na -ka-. Kosa la kawaida ni kuanza na "Kima akakaa juu ya mti" bila -li- yoyote nyuma yake ya kuiegemea.

Kuna Mrusi aliyeitwa Vladimir Propp ambaye mwaka 1928 alipanga matendo ya ngano za kwao akapata 31. Mwalimu ajue, darasani usiyataje. Niliwahi kuyataja, wakayakariri yote thelathini na moja wakanirudishia kwenye mtihani, na insha hakuna.

Hatua ya 3: Upatanisho, kwa kisa hiki hiki

Kisa cha wanyama ni uwanja mzuri wa ngeli. Papa ana uhai, kwa hiyo ni *papa mkubwa alikuja*, si *papa kubwa ilikuja*. Wanyama wote waingie ngeli ya A-WA, hata walio baharini. Lakini *rafiki yake*, si *rafiki wake*. Mti ulioinama, moyo ulioachwa, mioyo iliyoachwa, masikio yaliyoliwa. Na *mtini* ni mtini: ukishaweka -ni, *katika* ya nini tena? *Katika mtini* futa.

Wape sentensi kumi, wabadilishe umoja na wingi, basi. Usikae hapa zaidi ya kipindi kimoja. Walimu wengi hukaa hapa muhula mzima kwa sababu ni rahisi kusahihisha.

Hatua ya 4: Tafuta swali lenye mifupa miwili

Hapa usiharakishe. Swali zuri ni lile ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kulijibu tofauti, na wote wawili wakatoa ushahidi ndani ya kisa. Wagawe makundi, kila kundi lilete maswali matatu yanayoanza na "kwa nini". Mengi yatakuwa mepesi: kwa nini kima alipanda mtini? Kwa sababu aliogopa, kwisha. Yatupe. Yanayobaki yaandike ubaoni.

Maswali mawili hurudi karibu kila mwaka. La kwanza: kwa nini papa alimwambia kima ukweli kabla hawajafika? La pili: kwa nini kima, akiwa ameshaokoka, anamsimulia papa hadithi nzima badala ya kusema "sishuki"?

Mwaka jana swali la kwanza liliwasha moto. Upande mmoja: papa alimhurumia rafiki yake. Upande wa pili: papa ni mjinga. Nyuma kabisa akanyanyua mkono kijana wa Kizingitini, mvuvi mtoto wa mvuvi, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua mdomo. Akasema: "Mwalimu, alisema kwa sababu walishafika kilindini. Pwani angesema, kima angeruka. Mtu akishafika maji marefu huna haja ya kumficha, ataenda wapi?" Darasa likanyamaza. Nikamwomba ayaandike maneno hayo kama yalivyo kabla hayajapoa. Hiyo ndiyo hoja kuu: ni jibu, lina sababu, na mtu anaweza kulipinga.

Waandikishe hoja kuu kwa sentensi moja yenye *kwa sababu* au *ingawa* ndani yake. Isiyo na mojawapo mara nyingi ni muhtasari uliovaa kanzu.

Hatua ya 5: Hesabu -ka-

Sasa waandike aya moja ya kujibu swali lao, halafu wachukue kalamu ya kijani wazungushie kila -ka- ya masimulizi. Wazungushie wenyewe, wewe zunguka tu darasani. Hii hapa aya ya mfano:

*Kima alikuwa rafiki ya papa. Papa akamwambia twende kwetu. Kima akapanda mgongoni. Walipofika kilindini akamwambia sultani ni mgonjwa. Kima akasema moyo wangu niliuacha mtini. Wakarudi.*

Duara tano, hoja hakuna. Kanuni yangu ni hii: ukikuta -ka- tatu kwenye aya ya uchambuzi, mwandishi ameacha kuchambua, amerudi kwa bibi. Moja inavumilika.

Dawa si kufuta -ka- na kubandika -na- mahali pake. *Papa anamwambia, kima anapanda, papa anasema* ni masimulizi vilevile, yamebadilisha kanga tu. Kila kitenzi kilichozungushiwa kiulizwe: kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloandikwa. Aya ile, baada ya kuulizwa, inaweza kuwa hivi:

*Papa anasema ukweli akiwa amefika kilindini. Pwani alificha, kwa sababu pwani kima angeruka na kurudi mtini. Kwenye maji marefu haoni haja ya kuficha. Hapo ndipo anapokosea. Anadhani bahari iliyomfunga kima miguu imemfunga na mdomo. Kima, ambaye hawezi kuogelea, anampa papa sababu ya kugeuza njia mwenyewe, na anarudishwa kwa mgongo ule ule uliomchukua.*

Mwonyeshe mwanafunzi kwamba *alificha* imebaki na -li-, na ni sawa, kwa sababu kuficha kulitangulia tukio linalozungumziwa. *Angeruka* ni jambo ambalo halikutokea. *Ambaye* imeleta sababu bila kuanzisha sentensi mpya. Maneno hayo matatu yamebeba hoja, na ndiyo sarufi ninayotaka wafanye.

Hatua ya 6: Maneno ya sungura

Sentensi ya sungura ni zawadi kwa mwalimu wa sarufi. Andika ubaoni: *Angekuwa na moyo na masikio, asingerudi.* Kisha uliza: punda yuko wapi sasa? Ameshakuwa nyama. Basi jambo limeshapita, haliwezekani tena, na kwa kanuni ya vitabuni inafaa -ngali-: *Angalikuwa na moyo na masikio, asingalirudi.* Mdomoni watu husema -nge- kwa yote mawili na hakuna anayewafunga. Kwenye insha ya chuo, shikilia tofauti. Zaidi ya yote, usichanganye: *angekuwa* haikai na *asingalirudi*.

Kisha wageuze maneno ya wahusika kutoka usemi halisi kwenda usemi wa taarifa. "Mioyo yetu tunaiacha mtini," kima alisema. Inakuwa: *Kima alimwambia papa kwamba wao huiacha mioyo yao mtini.* Tazama *yetu* ilivyogeuka *yao*. *Leo* itakuwa *siku hiyo*, *hapa* itakuwa *pale*. Wanafunzi wengi huanza na taarifa wakamalizia na usemi halisi ndani ya sentensi moja, kama yule wa *akasema moyo wangu niliuacha mtini*. Ama uweke alama za kunukuu, ama ugeuze nafsi.

Hatua ya 7: Rasimu nzima

Aya nne hadi tano. Ya kwanza itaje kisa kwa sentensi mbili, itaje swali, itoe hoja. Za kati, kila moja na ushahidi wake kutoka kwenye kisa. Ya mwisho wasirudie ya kwanza. Wajibu pingamizi moja. Rasimu iandikwe darasani, kwa mkono. Nyumbani ni ya kusafisha tu.

Hatua ya 8: Ngano ya pili

Baada ya hapo walete kisa kingine, wakilinganishe na cha kwanza. Kwa Lamu huhitaji kwenda mbali: Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, yuko hapa hapa. Alipofungwa gerezani, mama yake alimfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa (pumba). Walinzi wakala vyakula vizuri wakamwachia ule mbaya, akakata minyororo. Tupa iliyofichwa mkateni na moyo uliofichwa mtini, zilinganishe. Kisha nenda mwisho wa kisa. Liyongo alimwambia mwanawe kwamba kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na mwana akaja nayo baba amelala. Papa aliharibikiwa kwa kusema, Liyongo aliharibikiwa kwa kusema. Je, walisema kwa sababu moja? Mmoja alidhani mwenzake hana pa kwenda. Wa pili alikuwa anamwambia damu yake. Hapo wanafunzi huandika mpaka kengele inawakera.

Anayetaka ya ng'ambo achukue Cinderella. Yule wa Mfaransa Charles Perrault, wa 1697, ana kiatu cha kioo na boga linalogeuka gari. Yule wa ndugu Grimm wa Ujerumani, wa 1812, ana mti juu ya kaburi la mama, na dada wanajikata miguu ili kiatu kiwaingie. Swali linajileta lenyewe: kwa nini msimulizi mmoja aweke damu na mwingine asiweke?

Hatua ya 9: Kusahihisha

Soma mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, utafute hoja tu. Mara ya pili chagua aina mbili za makosa kwa kila mwanafunzi, si zaidi, uandike chini: "Wiki hii: -nge-/-ngali-, na *hivo* iwe *hivyo*." Karatasi iliyojaa wino mwekundu haisomwi. Huangaliwa alama, ikakunjwa.

Mambo yakikwama

*Wanaandika Kiamu, lahaja ya Lamu.* Mmoja aliandika "Papa akamwambia kima ndoo", na mwalimu mgeni kutoka bara akauliza ndoo imetoka wapi, kuna kisima? Kwa Kiamu *ndoo* ni *njoo*. Vivyo hivyo *ndia* ni njia, *mato* ni macho, *kitwa* ni kichwa, *mai* ni maji, na *zitu* ni vitu. Usicheke na usiandike "kosa". Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 ulitungwa kwa lugha ya visiwa hivi. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilipewa kiti cha usanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, ni juzi tu. Kanuni ninayowapa: mhusika akisema, ndani ya alama za kunukuu, aseme Kiamu chake. Wewe mwandishi, nje ya alama, andika sanifu. Wanaizoea kwa wiki mbili, na kumbe zoezi la usemi wa taarifa linakuwa zoezi la kuhama lahaja pia.

*Kila aya inaishia na "hadithi hii inatufunza".* Piga marufuku neno *funza* kwa wiki mbili. Watalalamika.

*"Mwalimu, hizi ni hadithi za watoto."* Huwa anasema mmoja, kwa kawaida aliye na shati lililopigwa pasi vizuri kuliko wote. Mpe swali la pili la hatua ya 4 alijibu kwa aya moja papo hapo.

*Insha imetoka kwenye simu.* Utaijua: kisa kina vipande ambavyo hamkusimuliana, na Kiswahili kimenyooka mno bila hata koma moja ya kubahatisha. Usigombane. Mwite, mwombe akusimulie kwa mdomo kisa alichosikia nyumbani, kisha mlinganishe na alichoandika. Tofauti za masimulizi hayo mawili ndiyo mada yake mpya.

*Darasa halisemi.* Usijaze kimya kwa jibu lako. Wape dakika tatu za kuandika, kisha kila mtu asome alichoandika. Kusoma kunawatia aibu kidogo kuliko kusema.

*Wa Faza na Pate wanaondoka katikati ya kipindi siku ya Ijumaa.* Hawatoroki. Mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa, na boti haimsubiri mwalimu. Ijumaa anza na kuandika, maelezo yaje mwisho; atakayeondoka mapema atakuwa amekosa maneno yako tu, na rasimu yake unayo mezani.